Kabla Fomu Haijajazwa: Niliyojifunza Nikiwa Mwalimu Mshauri wa Taaluma Tororo

Shule ninayofundisha ni ya kutwa, iko kando ya barabara itokayo mji wa Tororo kuelekea mpakani Malaba, na kazi yangu ya pili, mbali na vipindi vya jiografia, ni kuwa mwalimu mshauri wa taaluma. Cheo hiki hakina posho. Kilikuja na kabati la fomu kuukuu, vipeperushi vya vyuo ambavyo baadhi yake vimebadili hata majina, na foleni ya wanafunzi ambayo huwa fupi karibu mwaka mzima kisha hurefuka ghafla matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Nimeishika kazi hii muda wa kutosha kuwaona wanafunzi wangu wa mwanzo wakiwa watu wazima: wengine ni wauguzi, wengine madereva, wengine wanafanya kazi ambazo hatukuwahi kuzitaja darasani, na wengine wangali wakitafuta. Nikiwakumbuka mmoja mmoja, naona kwamba waliokwama wengi wao walikuwa na akili na hamu ya kutosha. Kilichowakwamisha ni kwamba habari walizozihitaji zilikuwa zimegawanyika kwa watu watatu ambao hawajawahi kuketi pamoja. Mzazi alijua kilichomo mfukoni, mwalimu alijua masharti ya vyuo, na mtu aliye kazini alijua kazi yenyewe ilivyo. Mwanafunzi alikuwa katikati akipeleka ujumbe nusunusu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, huku fomu ikimngoja.

Ni lazima nieleze kwanza kwa nini fomu hiyo ni nzito, maana wazazi wengi hudhani kwamba uamuzi wenyewe hufanyika chuo kikuu kinapokaribia. Hapa Uganda uamuzi mkubwa hufanyika miaka miwili kabla, mtoto anapoingia kidato cha tano na kuchagua kombinesheni, yaani masomo makuu matatu atakayoyabeba mpaka mtihani wa UACE, ule wa kumaliza kidato cha sita, pamoja na karatasi ya maarifa ya jumla na somo moja dogo ambalo ni hisabati ndogo au kompyuta. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikipima masomo hayo kwa uzito tofauti kulingana na kozi: somo la lazima huzidishwa mara 3, somo lenye uhusiano mara 2, na mengine hupungua uzito hadi nusu. Daraja A lina pointi 6, kwa hiyo A ile ile humpa mtoto pointi 18 akiomba kozi moja na pointi 12 akiomba nyingine. Uhandisi wa ujenzi hudai hisabati na fizikia, nao udaktari hudai kemia na biolojia. Mtoto aliyeingia PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kisha akagundua katika kidato cha sita kwamba moyo wake uko kwenye ujenzi, hana hisabati kuu ya kumpeleka huko hata akipata A tatu. Haya yote hujazwa ndani ya siku chache za Februari au Machi, wakati ambapo nyumbani bado watu wanapokea pongezi na kutafuta pesa za godoro.

Mwaka 2025 alinijia kijana mmoja, mtoto wa dereva wa malori ya masafa marefu, akiwa amekwisha kuandika PCB. Walikuwa kundi la kwanza kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, na matokeo yao yalitoka kwa herufi, A mpaka E, jambo lililowachanganya wazazi waliozoea kuhesabu jumla ya alama. Nilimwuliza anataka kuwa nani, akanijibu, “Daktari, madamu,” bila kuniangalia usoni. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na nimeacha kulitumainia, kwa sababu mara nyingi ni adabu tu. Mtoto hutaja kile anachodhani mtu mzima anataka kukisikia. Kwa hiyo huuliza swali jingine: ni lini mara ya mwisho alifanya jambo mpaka akasahau kula? Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi alivyomsaidia mjomba wake, fundi mwashi, kusawazisha msingi wa nyumba kwa bomba jembamba la mpira linaloonyesha ndani, lililojazwa maji. Alinionyesha kwa mikono: unashika ncha hii hapa, mwenzako anashika ncha ile kwenye kona ya pili, mnasubiri maji yatulie, kisha mnatia alama pande zote mbili. Alikuwa ameona kwamba mapovu ya hewa ndani ya mpira hudanganya kipimo, na alikuwa amembishia mjomba wake mpaka wakaumwaga maji na kuanza upya. Alipofika hapo alikuwa amenikodolea macho, na sauti yake haikuwa ile ya “daktari, madamu.”

Nilimpigia baba yake simu. Alikuwa kwenye msururu wa malori upande wa Kenya, na alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia jambo ambalo mwanawe hakuwa amelijua: aliamua sayansi za udaktari kwa sababu Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4, huku walimu wa sanaa wakibaki nyuma na kugoma. “Mimi nilichoelewa, mwalimu, ni kwamba sayansi ndiyo inayolipa. Na sayansi kubwa kuliko zote ni udaktari.” Hoja yake ilikuwa na mantiki kamili, ila haikuwahi kutamkwa nyumbani. Mwana alidhani baba anataka heshima ya koti jeupe, kumbe baba alikuwa anapiga hesabu ya mshahara. Alipokuja shuleni baadaye, akiwa bado na vumbi la safari, tulizungumza watatu katika stoo ya vitabu ambayo ndiyo ofisi yangu. Niliwaeleza kwamba hisabati na fizikia nazo ni sayansi, na kwamba mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala ulikuwa umetiwa saini Oktoba 2024, ikiwa na maana kwamba kazi za ujenzi zingepita karibu na mlango wao. Mzee akacheka: “Reli hiyo inajengwa na Waturuki. Watakuja na wahandisi wao.” Ilikuwa hoja nzuri kuliko majibu yangu yote, nami sikujifanya nina la kusema. Mwanawe ndiye aliyejibu kwamba nyumba za Tororo hazijengwi na Waturuki. Waliondoka na fomu ikiwa na PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na mpango wa kwenda kumwona mpima ardhi mmoja ambaye mzee alimfahamu. Sasa kijana yuko kidato cha sita na hisabati inamtoa jasho kweli kweli, lakini halaumiani na mtu.

Mazungumzo ya namna hiyo huchukua muda, na shule nyingi huona njia ya mkato ni siku ya taaluma. Sipingi siku hiyo moja kwa moja. Watoto huvaa sare safi na wageni hupewa soda. Ila nimeketi kwenye viti vya mbele mara nyingi vya kutosha kujua kinachotokea. Huja wakili, daktari, afisa wa benki, wakati mwingine mtu wa redioni, kila mmoja akapewa dakika chache mbele ya mamia ya wanafunzi, na wote humaliza kwa kuwaambia wasome kwa bidii na wamwogope Mungu. Maneno mazuri, lakini mtoto hatoki na kitu cha kuandika kwenye fomu. Mwaka mmoja niliwagawia wanafunzi vikaratasi waandike maswali waliyoshindwa kuyauliza hadharani, na kimoja kilisema hivi: “Aliposema alihangaika hadi akafika, karo alilipa na nini?” Hicho ndicho walichotaka kukijua. Mgeni alikuwa amekwisha kuondoka na gari lake.

Ndipo nikaanza kugeuza mambo. Badala ya kumwita mtu mmoja awahutubie mamia, namtuma kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, wakati wa likizo, amtafute mtu mmoja aliye kazini, amwulize maswali na kuandika majibu kwenye daftari. Huwaruhusu kwenda popote: hospitali, gereji, saluni, ofisi ya wilaya, kiwanda cha saruji, shambani, ila wasimwendee mtu ambaye mzazi hamfahamu. Maswali yenyewe tuliyatengeneza pamoja, na mengi ni ya kawaida: uliingiaje kazi hii, ulisomea nini na wapi, ulilipaje, unafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni, nini kinakuchosha, na kama ungeanza upya ungemwuliza nani nini. Swali la mshahara lilitusumbua, kwa kuwa katika mila zetu mtoto hamwulizi mtu mzima analipwa kiasi gani. Msichana mmoja ndiye aliyepata njia: ukiuliza kama mtu anayeanza kazi hiyo anaweza kupanga chumba na kulisha watu wawili, hakuna anayekasirika, na jibu linakufaa zaidi kuliko tarakimu.

Msichana huyo huyo alikwenda Malaba kwa wakala wa forodha ambaye ni rafiki ya shangazi yake. Alikwenda akidhani uwakala ni kukimbia na makaratasi kutoka dirisha hadi dirisha, maana ndivyo tulivyoona sisi sote tuliokulia huku. Daftari lake lilirudi na mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Wakala alimweleza kwamba tangu nchi zetu zilipoanza kutumia eneo moja la forodha mwaka 2014, sehemu kubwa ya matamko na ushuru hushughulikiwa kabla shehena haijafika mpakani, na kwamba yeye hutumia siku nzima mbele ya kompyuta akiingiza thamani ya mizigo na namba za aina za bidhaa. Namba moja ikikosewa, kontena zima hukaa siku kadhaa na mwenye mali humpigia simu usiku. Alimweleza pia kuhusu mafunzo ya cheti cha forodha kinachotambuliwa katika Afrika Mashariki, ambacho hutolewa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala. Chini ya ukurasa msichana alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Kinachochosha: kusubiri. Kinachomfurahisha: lori likipita bila kuulizwa.” Baada ya hapo alianza kuhudhuria vipindi vya hisabati ambavyo awali alikuwa akivikwepa, na sababu aliyonipa ni kwamba hakutaka kukosea namba za watu.

Mwenzake alikwenda kumwona fundi wa maabara anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji. Kutoka darasani kwetu moshi wa viwanda huonekana, na vumbi lake tunalijua, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kufikiri kwamba ndani ya vumbi lile mna watu wanaofanya kemia. Kijana aliambiwa kwamba sampuli huchukuliwa usiku na mchana, zikapimwa uwiano wa chokaa na madini mengine, zikafinyangwa kuwa vipande vidogo vya kubanwa kwa mashine mpaka vipasuke, ili ijulikane saruji itabeba uzito gani. Fundi mwenyewe hakuwa na shahada, alikuwa na stashahada. Kijana aliposimama kusoma daftari lake mbele ya darasa alisema, “Nilidhani kemia inaishia hospitalini,” na wenzake wakacheka, kisha wakaanza kuuliza. Vilima vya Sukulu vilivyo karibu nasi vina fosfeti inayotengenezewa mbolea, Busitema, chuo kikuu cha umma, kina tawi lake la sayansi na ualimu pale Nagongera, na bado watoto wa wilaya hii walikuwa wakizitaja taaluma nne tu walizozikariri tangu shule ya msingi. Si ajabu. Mtu hawezi kuchagua kazi ambayo hajawahi kusikia ikisimuliwa na anayeifanya.

Upande wa wazazi ulikuwa mgumu zaidi. Mikutano ya wazazi ilizoeleka kuendeshwa kwa Kiingereza, na mtu mmoja akifupisha kwa lugha ya nyumbani mwishoni. Wazazi walisikiliza, wakapiga makofi, wakasaini. Tororo ni mji wa makabila mengi, Wajopadhola, Waiteso, Wasamia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni, stesheni na kwenye maegesho ya malori. Nilipoomba kikao cha wazazi wa kidato cha nne kiendeshwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, kilikwenda mpaka jua likakaribia kuzama. Mama mmoja anayeuza dagaa, mukene kama tunavyowaita huku, alisimama akauliza: “Huyu akienda chuo miaka yote hiyo, mdogo wake anayeingia kidato cha kwanza atalipiwa na nani?” Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa na swali hilo kifuani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku ile watu waliacha kuficha.

Tulizungumza pesa waziwazi. Niliwaeleza kwamba nafasi zinazofadhiliwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma ni takriban 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, na sehemu kubwa huenda kwa kozi za sayansi, kwa hiyo mpango wa familia usijengwe juu ya nafasi hizo peke yake. Niliwaeleza kuhusu bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014: mkopo hulipa ada ya masomo na gharama za chuo zinazoambatana nayo, lakini chumba na chakula hubaki kwa mzazi, na mwanafunzi hulipa baada ya kumaliza masomo. Jambo lililowagusa zaidi lilikuwa kwamba njia ya kupanda ngazi ipo. Mtoto anaweza kutoka kidato cha nne akasomea cheti cha ufundi au cha uuguzi, akafanya kazi, akarudi kuchukua stashahada, kisha shahada, huku akimsaidia mdogo wake njiani. Mama wa dagaa aliniuliza mara mbili kama hiyo stashahada kweli humfikisha mtu chuo kikuu, nami nikamwambia ndiyo, na baba mmoja nyuma akasema mpwa wake alipita hapo hapo. Ushahidi wa yule baba ulimtosha kuliko wangu. Nadhani ni sawa. Mimi sikuwa nimemlipia mtu karo hiyo.

Wazazi pia huja na ushauri uliopitwa na wakati, na ni vigumu kuusahihisha bila kuwavunjia heshima. Babu mmoja alishikilia kwamba mjukuu wake akitoka kidato cha nne aende moja kwa moja kusomea ualimu wa shule za msingi, kama yeye alivyofanya, akapata kazi na kuoa. Sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada kuwa kiwango cha chini kwa mwalimu, hivyo njia aliyopita babu haipo tena. Sikumbishia. Nilimwomba mjukuu amsomee babu yake tangazo la nafasi za kazi za walimu gazetini, kwa sauti, kila sharti. Alipofika mwisho mzee alisema tu, “Basi wamebadilisha,” na mazungumzo yakaendelea kutoka hapo. Kuna habari nyingine potofu ambazo hazitoki kwa wazee bali kwenye simu: watu wanaojiita mawakala wa vyuo, wanaoahidi nafasi kwa malipo kupitia vikundi vya WhatsApp. Huwaambia wanafunzi wangu wamtumie mtu wa namna hiyo swali moja tu, kama chuo hicho na kozi hiyo vimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kisha wakahakikishe wenyewe kwa baraza. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo hapo.

Kipindi kilichonifundisha zaidi ni kile ambacho hatukuwa na shule. Shule zilifungwa Machi 2020, na kwa wanafunzi wengi hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Malori hayakusimama. Baadhi ya wavulana wangu walipanda malori wakawa matanboi, yaani wasaidizi wa madereva, wakaenda hadi Juba na kurudi. Waliporudi darasani, sisi walimu tulikuwa na haraka ya kufidia silabasi, na hakuna aliyekuwa akiwauliza walikotoka. Mmoja wao alikuwa mkimya mno, na walimu wenzangu walimwona kama aliyeharibika. Nilimketisha nikamwomba anisimulie safari moja tu. Alinieleza jinsi breki za upepo za trela zilivyogoma njiani kuelekea Nimule, namna walivyotafuta mvujo kwa kupaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba, na jinsi dereva alivyomwachia kufunga kiungo kipya kwa kuwa mkono wake ulikuwa mdogo kupenya pale. Kijana huyo alikuwa amesoma miaka miwili na hakuna aliyempa cheti. Tulipanga na mama yake aendelee mpaka amalize kidato cha nne, kisha akaingia taasisi ya ufundi kusomea magari. Mpango wake unaofuata ni stashahada katika chuo cha ufundi cha Elgon kule Mbale. Mama yake alikuwa tayari kumwachisha kabisa kwa kudhani hana kichwa cha shule, na mwanawe alikuwa anaona haya kumweleza kwamba alifurahia kazi ya lori.

Mazungumzo hayalipi karo, na sipendi kuwasikia wanaoyasifu kana kwamba yanalipa. Nilikuwa na binti mmoja aliyefaulu biolojia na kemia vizuri, alikuwa amemhoji muuguzi, wazazi walikubali, tulijaza kila kitu kwa wakati, na bado pesa za muhula wa kwanza hazikupatikana. Sasa yuko kwenye kibanda cha mama yake. Huniuliza kila mwaka lini usajili unafunguliwa, nami humjibu kila mwaka.

Wiki hii nina fomu moja ambayo haijajazwa. Ni ya msichana anayelelewa na nyanya yake, na amechagua kombinesheni yenye Kiswahili, akitaka kuwa mwalimu wa somo hilo. Sababu zake amezipanga vizuri: Kiswahili ni lazima kwa vidato viwili vya mwanzo katika mtaala mpya, baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, na shule nyingi anazozijua zina mwalimu mmoja wa somo hilo au hazina kabisa. Nyanya yake anataka awe muuguzi. Aliniambia kwenye simu, kwa Kiswahili kitamu kuliko changu, “Mwalimu, lugha hii anaijua tangu anyonye. Atalipiwa karo ajifunze nini?” Nimewaomba waje wote wawili Ijumaa baada ya soko. Nimemwomba pia mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyeajiriwa na serikali hivi karibuni, awepo na aje na barua yake ya kazi, maana najua swali la kwanza la nyanya litakuwa lipi.